Kupunguza Umeme wa Mafriji Dukani na Kuzuia Gesi Kuvuja Bila Kupoteza Wateja: Mwongozo Kamili

Wenye maduka wanaoamua kupunguza umeme hukwama mahali pamoja. Saa 4 usiku, wakati wa kufunga, wanazima kila friji. Asubuhi makopo ya mtindi yamevimba, soda ni vuguvugu, na mteja wa kwanza anavuka barabara kwenda kwa jirani. Wiki ya pili mafriji yanarudi kuwaka usiku na mchana, na mwenye duka anabaki na imani kwamba kutunza hali ya hewa ni jambo la kampuni kubwa.

Nia ni nzuri, mpangilio ndio mbaya. Kuzima ni hatua ya nane, na hata hapo ni kwa friji la aina moja tu. Fuata hatua hizi kwa mfuatano wake. Ukiruka vipimo vya mwanzo, hutajua kilichosaidia wala kilichokuharibia mauzo.

Mwongozo unalenga duka lenye friji moja hadi sita: duka la mtaani, minimaketi, bucha, duka la vinywaji baridi. Hesabu ni za shilingi za Tanzania na mita ni ya LUKU, lakini mita ya tokeni ya Kenya au Uganda inasomwa vivyo hivyo.

## Kwa nini friji, na si mfuko wa kubebea bidhaa

Mfuko unaonekana, ndiyo maana wanaotaka kutunza mazingira huanza nao. Katika duka linalouza vitu vya baridi, uzito mkubwa uko kwenye friji, kwa njia mbili.

Ya kwanza ni umeme. Kenya umeme mwingi unatokana na joto la ardhi, maji na upepo. Tanzania ni maji na gesi asilia, na bwawa la Julius Nyerere peke yake lina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo yuniti moja (kWh) ya gridi kwetu haichafui hewa kama yuniti ya nchi inayochoma makaa ya mawe. Ila bado unailipia, na umeme ukikatika ukawasha jenereta, hesabu inabadilika kabisa: kila lita ya petroli inayoungua inatoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa.

Ya pili ni gesi iliyomo ndani ya mabomba ya friji, na hii ndiyo inayosahaulika. Kilo moja ya R134a, mojawapo ya gesi hizo za kupozea, ikivuja inapasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ukaa. R404A, inayopatikana kwenye friza nyingi za bucha na vyumba vya baridi, ni kilo 3,922. Chukua friji la kioo lenye gramu 250 za R134a: likivuja lote ni sawa na karibu kilo 357 za hewa ukaa, yaani kama kuchoma lita 155 za petroli. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa lita ingetoka Dar es Salaam hadi Mwanza na kurudi zaidi ya mara mbili kwa mafuta hayo.

Gesi hiyo hiyo ikipungua, kompresa (pampu inayoisukuma gesi kwenye mabomba) inafanya kazi muda mrefu zaidi kwa ubaridi mdogo zaidi. Hapo hasara ya mwenye duka na hasara ya hewa vinatoka kwenye tundu moja.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja la kazi hii tu.
- Kipimajoto kinachosoma chini ya nyuzi 20 hasi. Chenye waya mwembamba unaopita mlangoni ni bora.
- Mita ya soketi: kifaa kinachokaa kati ya plagi na soketi na kuhesabu yuniti. Duka lenye friji zaidi ya moja lisianze bila hiki.
- Brashi laini ya rangi ya inchi 2, na blowa au mashine ya kuvuta vumbi ya kuazima.
- Sabuni ya maji, ndoo, vitambaa viwili, kipande cha karatasi au noti.
- Taima ya soketi ya ampea 16, ikiwa una friji la vinywaji pekee.
- Kifaa cha kulinda friji umeme unapopanda na kushuka, kile wengi wanachokiita frijigadi.
- Fundi wa mafriji mwenye geji ya shinikizo, pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa kwenye mabomba), mizani ya gramu na mtungi wa kukusanyia gesi. Mtafute sasa, kabla friji halijafa.

Tenga siku 7 za kupima, siku moja ya usafi, na siku 30 za kufuatilia.

## Hatua ya 1: Pima siku 7 bila kubadilisha kitu

Kila siku andika mambo matatu: yuniti zilizotumika, mauzo ya vitu vya baridi, na vilivyoharibika. Safu hizi tatu zitaamua kila kitu huko mbele. Yuniti zikishuka na mauzo yakashuka, hujafanikiwa.

Weka mita ya soketi kwenye kila friji kwa saa 48, kisha gawanya kwa mbili. Friji la kioo la lita 300 hadi 400 lisilo na hitilafu, kwa joto la pwani, hula takribani yuniti 3 hadi 5 kwa siku. Ukiona 7 au 8, kuna tatizo la kutafuta.

Huna mita ya soketi? Angalia taa ndogo nyekundu kwenye mita ya LUKU. Karibu nayo pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Zima vingine vyote, acha friji likiunguruma, kisha hesabu taa inapepesa mara ngapi kwa dakika moja. Zidisha kwa 60, gawanya kwa namba ile. Mipepeso 10 kwenye mita ya 1600 ni 10 × 60 ÷ 1600 = yuniti 0.375 kwa saa, yaani wati 375. Njia hii inakuonyesha friji linavyokula likiwa kazini. Haikuonyeshi matumizi ya siku nzima, kwa sababu kompresa huwaka na kupumzika.

Bei halisi ya yuniti iko kwenye risiti yako: gawanya pesa yote uliyolipa kwa yuniti ulizopata, makato yakiwa ndani. Hapa tutatumia shilingi 350 kama mfano.

Pima na joto. Weka glasi ya maji rafu ya kati, tumbukiza kipimajoto, acha usiku kucha. Tunapima maji kwa sababu hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa na itakudanganya.

Umefanikiwa: ikiwa kwa kila friji una yuniti kwa siku, joto la maji, na dakika ambazo kompresa inawaka na kuzima.

## Hatua ya 2: Safisha kondensa

Kondensa ni ule wavu wa mabomba na mabati membamba unaotoa joto nje. Kwenye friji la kioo uko chini, nyuma ya grili; kwenye mafriji ya zamani uko mgongoni. Ukijaa vumbi, joto halitoki na kompresa haipumziki.

Chomoa plagi. Fungua grili. Piga brashi kufuata uelekeo wa mabati, kutoka juu kwenda chini, usiyapige kwa upana. Mabati yakipinda yanaziba njia ya hewa. Malizia na blowa. Duka lililo karibu na kikaango cha chipsi huwa na vumbi lililoshikana na mafuta, na hilo halitoki kwa brashi kavu. Lowesha brashi kwa maji ya sabuni, sugua, pangusa, kisha acha pakauke kabisa kabla ya kuwasha. Usimwagie maji feni wala nyaya.

Zungusha feni kwa kidole. Ikigoma au ikilalamika, ibadilishe. Feni ndogo ni rahisi kuliko kompresa itakayoungua kwa ajili yake.

Duka la barabara ya vumbi lisafishe kila mwezi. Lililo ndani ya jengo, kila miezi mitatu.

Umefanikiwa: ukiweka kiganja mbele ya grili unasikia hewa ya joto ikitoka kwa nguvu, na kompresa imeanza kupumzika.

## Hatua ya 3: Mahali pa friji

Acha sentimita 10 hadi 15 kati ya mgongo wa friji na ukuta. Usielekeze hewa ya moto ya friji moja kwenye tumbo la jingine.

Friji lililowekwa barazani ili mpita njia alione ni suala la biashara, na hatukuambii ulifiche. Lakini jua la saa 9 alasiri likigonga kioo, unalipia jua hilo. Ongeza turubai au bati la kivuli, au ligeuze kioo kitazame upande ambao jua halifiki. Wateja wataendelea kuliona.

## Hatua ya 4: Mpira wa mlango

Funga mlango ukiwa umebana karatasi au noti kati ya mpira na bodi, kisha vuta. Ikikataa kidogo, mpira uko sawa. Ikitoka kama imepakwa mafuta, hapo baridi inatoroka. Rudia kila sentimita 20 kuzunguka mlango wote, hasa kona za chini.

Kwa friza ya kulala, kuna njia nyingine: usiku zima taa za duka, washa tochi ya simu, iweke ndani, funga. Mstari wa mwanga ukiuona popote, hewa nayo inapita pale.

Kabla ya kununua mpira mpya, osha ulionao kwa maji vuguvugu na sabuni. Sukari ya soda iliyoganda ndiyo inayouzuia kushika mara nyingi. Sehemu iliyopinda ipashe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, ivute irudi, kisha acha mlango umefungwa usiku mzima. Uliochanika hautibiki, badilisha.

## Hatua ya 5: Nyuzi sahihi kwa kila bidhaa

- Soda, maji na juisi za kopo: nyuzi 4 hadi 7.
- Maziwa na mtindi: nyuzi 5 au chini, bila mjadala.
- Nyama, samaki na kuku waliogandishwa: nyuzi 18 hasi.

Namba kwenye kitufe cha joto si nyuzi. Namba 7 maana yake ni baridi kali zaidi, na wengi wanadhani inapoza haraka zaidi. Haipozi haraka. Kompresa inafanya kazi kwa kasi ile ile, ila inaendelea hata baada ya soda kufika mahali pake. Kwenye friji la kawaida kila nyuzi moja unayoshusha bila sababu inaongeza takribani asilimia 2 hadi 4 ya umeme.

Sogeza kitufe namba moja tu, subiri saa 24, pima maji ya glasi, ndipo usogeze tena. Anayebadilisha kila saa hatapata jibu.

Angalia: maziwa na soda vikikaa friji moja, maziwa ndiyo yanayoamua.

## Hatua ya 6: Upangaji

Ondoa maboksi yaliyotandikwa kwenye rafu. Yanafanya friji lionekane nadhifu, lakini hewa ya baridi inashuka kupitia matundu ya rafu. Ukiyaziba, chupa za juu zinaganda na za chini ni vuguvugu, na mwenye duka anapandisha kitufe. Acha nafasi ya vidole viwili mbele ya feni ya ndani na kati ya chupa na ukuta wa nyuma.

Jaza friji usiku baada ya kufunga, si saa 7 mchana. Kreti zilale mahali penye ubaridi, zisipigwe jua nje ya mlango. Chupa inayoingia ikiwa na nyuzi 26 badala ya 32 inampunguzia kompresa zaidi ya moja ya tano ya kazi ya kuifikisha nyuzi 5.

Mpya ziende nyuma, za zamani zije mbele. Hili linahusu maziwa na mtindi kuliko soda. Chakula kinachotupwa kimekula umeme wako bure, na kikioza dampo kinatoa methani. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linakadiria kuwa chakula kinachopotea na kutupwa kinachangia asilimia 8 hadi 10 ya gesi zinazopasha dunia joto. Mtindi uliobakiza siku mbili, uweke mbele kwa bei ya punguzo leo, usisubiri kesho kutwa.

## Hatua ya 7: Barafu kwenye friza

Barafu ikifika unene wa milimita 5 inakuwa blanketi kati ya mabomba na nyama. Hamishia bidhaa kwenye friza nyingine au kasha la povu, chomoa, acha kifuniko wazi, weka ndani beseni la maji ya moto, ubadilishe maji kila dakika 15.

Usitumie kisu, bisibisi wala nyundo. Ukuta wa ndani wa friza nyingi ni alumini nyembamba yenye njia za gesi mgongoni. Pigo moja la kisu, unasikia “tssss” fupi, na gesi yote imekwenda. Friza nyingi za bucha hufa hivyo, na tundu la alumini mafundi wengi hawalizibi likadumu. Tumia kibao cha mbao au plastiki, na subira.

## Hatua ya 8: Kuzima usiku, kwa friji la vinywaji peke yake

Sasa ndipo taima inapoingia. Masharti ni haya: friji lina soda, maji na vinywaji visivyoharibika tu. Likiwa na mtindi hata kopo moja, ruka hatua hii.

Panga taima izime wakati unafunga, saa 4 usiku, na iwashe saa 9 au 10 alfajiri ikiwa unafungua saa 12 asubuhi. Duka ambalo soda zake zinaanza kutoka saa 5 mchana linaweza kuwasha saa 12. Angalia daftari lako la mauzo, usibahatishe.

Taima iwe ya ampea 16, kwa sababu kompresa inapoanza huvuta mkondo mkubwa kwa sekunde chache na taima dhaifu inaungua. Kati ya taima na friji weka frijigadi, ili umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa isubiri dakika chache kabla ya kuanza.

Kuna mafriji mapya ya kioo yanayojipunguza yenyewe usiku yakiona mlango haufunguliwi. Hayo usiyawekee taima.

Umefanikiwa: chupa ya kwanza ya asubuhi iko nyuzi 8 au chini, na mauzo ya wiki hayajashuka. Yakishuka, panga taima iwashe saa moja mapema zaidi na ujaribu wiki nyingine.

## Hatua ya 9: Gesi, na namna ya kumsimamia fundi

Soma hatua hii kabla ya kumpigia fundi simu.

Mfumo wa friji umefungwa. Gesi haiishi kwa kutumika; inazunguka humo humo miaka yote. Fundi akikwambia “gesi imepungua, tuongeze kidogo,” maana yake kuna tundu, na akiongeza bila kuliziba, gesi yako mpya itaelekea hewani kama ile ya kwanza. Friji linaloongezwa gesi kila baada ya miezi minne linakula pesa mara tatu: gesi, fundi na umeme.

Anza na kibandiko cha friji, kwa kawaida ndani ya mlango, mgongoni au kwenye kompresa. Kitaandika aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Vipige picha, weka kwenye simu.

Kazi sahihi ina mfuatano huu, na una haki ya kusimama pale uone kila kimoja:

1. Gesi iliyobaki inakusanywa kwenye mtungi. Haifunguliwi hewani. R134a na R404A hazinuki na hazionekani, ndiyo maana watu huziachia bila kujali.
2. Naitrojeni kavu inaingizwa kwa shinikizo, na maungio yote yanapakwa povu la sabuni. Povu likivimba, tundu ni hapo. Oksijeni isitumike kamwe kupima. Ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka.
3. Tundu linachomelewa, filta inabadilishwa. Filta ya zamani ina unyevu. Fundi anayeirudisha anakuandalia kuziba kwa bomba jembamba.
4. Pampu ya vakyumu inavuta angalau dakika 30, kisha geji inaachwa dakika 10 kuona kama mshale unapanda. Anayetumia kompresa kuukuu badala ya pampu anaacha hewa na unyevu ndani.
5. Gesi inajazwa kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kukisia kwa kugusa bomba hakufai, hasa kwa mafriji madogo ambayo kosa la gramu 20 linahesabika.

Hatari kubwa. Mafriji mengi mapya yanatumia R600a au R290. Madhara yake kwa hali ya hewa hayafiki hata sehemu moja ya mia ya yale ya R134a, lakini zinawaka moto. Lisichomelewe bomba lenye gesi hizo ndani. Kazi ifanyike nje au penye madirisha wazi, mbali na jiko. Na pasitokee mtu akajaza gesi ya kupikia, wala kuweka R600a kwenye friji lililotengenezwa kwa R134a: swichi ya joto na rilei (swichi ya kuanzishia kompresa) za friji hilo hutoa cheche, na gesi ikivuja ndani ya kabati lililofungwa, mlango unaruka.

Mafriji ya R600a yana tabia nyingine inayowachanganya mafundi wa zamani. Upande wa shinikizo dogo uko chini ya shinikizo la hewa ya nje, kwa hiyo tundu la upande huo halitoi gesi kwanza, linavuta hewa ndani. Fundi akipaka sabuni friji likiwa linafanya kazi hataona povu. Ndiyo sababu ya naitrojeni.

Friji la kampuni ya vinywaji usiligusishe fundi wako. Piga namba iliyo kwenye kibandiko chao.

Umefanikiwa: miezi 12 bila kuongeza gesi.

## Hatua ya 10: Hesabu kila friji kama mfanyakazi

Friji la kampuni hupewa bure, umeme ni wako. Tuseme linakula yuniti 4 kwa siku: 4 × 350 × 30 = shilingi 42,000 kwa mwezi. Ikiwa vinywaji vya kampuni hiyo vinatoka kreti 5 kwa mwezi na kila kreti inakuachia faida ya 3,000, unapata 15,000. Unalitunza kwa hasara ya 27,000 kila mwezi, na duka lina joto zaidi.

Fanya hesabu hiyo kwa kila friji. Lisilojilipia lina njia tatu: mwombe wakala alibadilishe kwa dogo au jipya lenye R600a au R290, lizime miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, mauzo yanaposhuka, au lirudishe. Mkataba wa mafriji haya kwa kawaida unakataza kuweka vinywaji vya kampuni nyingine, kwa hiyo usitegemee kuchanganya bila kuzungumza nao kwanza.

Lililozimwa likaushwe na mlango uachwe wazi kidogo, la sivyo litaota ukungu.

## Hatua ya 11: Umeme ukikatika

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi takribani saa 48. Iliyo nusu, saa 24. Friji la maziwa lina kama saa 4. Kwa hiyo usikimbilie jenereta dakika ya kwanza. Chupa za maji yaliyogandishwa zikijaza nafasi tupu ya friza zinasaidia kuliko lita nyingi za petroli. Ukilazimika, washa kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni, vitu vyote vya baridi vikiwa vimehamishiwa mahali pamoja. Jenereta ndogo hunywa nusu lita au zaidi kwa kila yuniti, mara kadhaa ya bei ya LUKU.

## Hatua ya 12: Ukinunua jingine

Kwenye friji la mtumba tafuta herufi za hali ya hewa. N au SN limetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST nyuzi 38, T nyuzi 43. Mengi ya kutoka Ulaya ni N au SN. Ukiyaweka Tanga mwezi wa Februari hayatapumzika hata dakika. Nunua T, au ST kwa nyanda za juu.

Kisha soma gesi. Achana na R12 na R22. R134a na R404A zitaendelea kuwa adimu: chini ya makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, nchi nyingi zinazoendelea, za Afrika zikiwemo, zilipangiwa kusimamisha ongezeko la gesi za jamii hii mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 ifikapo 2029 na kufikisha punguzo la asilimia 80 mwaka 2045. Friji la R600a au R290 linakukinga na uhaba huo. Kenya, friji jipya la nyumbani linapaswa kuwa na lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati ya nchi hiyo. Nyota nyingi ni umeme kidogo.

Hesabu ya kurudisha pesa ni fupi. Likipunguza yuniti 2.5 kwa siku, unaokoa 2.5 × 350 × 30 = 26,250 kwa mwezi. Tofauti ya bei ya 300,000 inarudi ndani ya mwaka mmoja. Fikiria sola baada ya hapo tu, la sivyo utanunua paneli za kulisha vumbi la kondensa.

## Hatua ya 13: Pima tena, kisha shughulikia la zamani

Baada ya siku 30 rudia vipimo vya hatua ya 1 na uweke safu tatu sambamba: yuniti, mauzo, vilivyoharibika. Yuniti zikishuka na mbili nyingine zikabaki palepale, endelea hivyo. Maziwa yaliyoharibika yakiongezeka, rudi hatua ya 5. Yuniti zisiposhuka kabisa baada ya usafi na mpira, nenda hatua ya 9. Mara nyingi ni gesi.

Friji lililokufa usimwite wa vyuma chakavu kabla ya fundi. Yeye anakata bomba la shaba kwa koleo palepale barabarani, na gramu zote 250 zinatoka kwa pumzi moja. Mwite fundi mwenye mtungi akusanye gesi kwanza, atoe mafuta ya kompresa kwenye chupa, aandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ubavu wa friji. Baada ya hapo bati na shaba vipime kilo, uuze.